Muziki ulio kwenye kaseti moja tu: jinsi ya kuuhamisha na kuwafikishia wengine

Karibu kila wiki napokea maswali yaleyale. "Nina kanda za marehemu baba, nianzie wapi?" "Waya gani unatumika?" "Mbona sauti inatoka sikio moja?" Nimeyajibu kwa simu mara nyingi, wakati mwingine saa nne za usiku, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Kwanza tuelewane ni muziki upi. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, alifika na zeze na marimba yake hadi studio za Uingereza, na sauti yake inapatikana kirahisi. Nyimbo za bendi zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam nazo zina watu wengi wanaozitafuta. Mimi nawazungumzia wale ambao kanda yao haikuvuka mkoa: kwaya ya mtaa iliyouza nakala chache pale Soko la Majengo, kina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo, waliorekodiwa harusini Mvumi na kijana mwenye redio kaseti begani, mzee wa Kwa Mtoro akiimba Kisandawe peke yake huku mbuzi wakisikika nyuma. Kanda ya namna hiyo mara nyingi iko moja tu duniani. Ikiliwa na redio mbovu, hakuna pa kwenda kuomba nyingine.

Kusanya hivi kabla hujaanza

- Deki ya kaseti ya mezani, au redio kaseti inayozunguka vizuri. Ya mtumba inatosha. Napendelea deki yenye matundu mawili ya kutolea sauti kwa nyuma, nyekundu na nyeupe, lakini tundu la hedifoni nalo linafaa. Vile vichezeo vya plastiki vinavyouzwa eti "chomeka USB tu" nakushauri uviache, maana mwendo wake huyumba.
- Waya wa kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kompyuta. Angalia matundu ya pande zote mbili kabla ya kununua.
- Kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti la stereo. Hapa ndipo wengi wanapotupa hela: zile ndogo za bei rahisi nyingi zina tundu la maiki tu, ambalo ni mono, yaani njia moja tu ya sauti badala ya mbili za stereo. Muulize muuzaji waziwazi.
- Kompyuta yenye Audacity. Ni programu ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pamba za masikio, kitambaa laini, penseli, na bisibisi ndogo ya nyota.
- Kaseti moja tupu ambayo ganda lake limefungwa kwa skrubu, si lililogandishwa. Utajua baadaye kwa nini.
- Kaseti moja usiyoijali, ya majaribio.
- Daftari na kalamu. Usiviache nyumbani.

Hatua zenyewe

1. Kaa na mwenye kanda kabla ya kuigusa. Nenda kwake, msalimie vizuri, usifike na haraka. Muulize nani anaimba, ilirekodiwa wapi, mwaka gani au karibu na tukio gani, nani alishika redio. Wazee wengi hawakumbuki mwaka lakini wanakumbuka njaa, mvua, harusi ya nani, au mtoto yupi alikuwa mgongoni. Andika hivyohivyo anavyosema. Kisha muulize swali la pili, ambalo ni zito zaidi: je, anakubali watu wengine wasikie? Nyimbo nyingine ni za jando na unyago, na hazikuimbwa ili kila mtu azisikie. Akisema hapana, hamisha kwa ajili ya familia yake tu, na uishie hapo.

2. Vunja vidude vya ulinzi. Mgongoni mwa kaseti kuna vijiplastiki viwili vidogo, kimoja kwa kila upande. Vikiwepo, mashine inaweza kurekodi juu ya kilichomo. Vivunje kwa ncha ya bisibisi. Mimi sikuvivunja kwenye kanda ya bibi yangu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi badala ya kucheza, na sekunde kumi na moja za sauti yake zikaenda. Hazikurudi. Tangu siku ile hii ndiyo hatua ninayoisimamia kuliko zote.

3. Kagua utepe kwa macho. Washa taa, tazama kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, huo ni ukungu. Usiicheze, soma sehemu ya matatizo huko chini. Utepe ukiwa umelegea, ukaze kwa kuzungusha penseli kwenye tundu. Kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe kwenye hedi (chuma cha mashine kinachosoma sauti) kikiwa kimedondoka, au ganda limepinda kwa jua la kwenye dashibodi ya gari, fungua skrubu, hamisha magurudumu yote mawili ya utepe kwenye lile ganda tupu ulilonunua. Fanya kazi hiyo juu ya kitambaa cheupe, dirisha likiwa limefungwa. Upepo wa kiangazi wa Dodoma na utepe ulio wazi havipatani hata kidogo.

4. Safisha mashine. Chovya pamba kwenye spiriti, futa hedi, yaani kile chuma kinachong'aa utepe unapopita, na kile kijiti cha chuma kinachozunguka kando yake. Pamba itatoka na rangi ya kahawia. Rudia hadi itoke safi. Roli ya mpira usiipake spiriti, maana inaukausha mpira. Tumia kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni, kisha ikauke. Baada ya hapo weka kaseti ya majaribio, icheze mbele, irudishe nyuma. Mashine ikiitafuna hiyo, umeokoa ya muhimu. Safisha tena kila baada ya kanda chache.

5. Unganisha. Deki kwenda kadi ya sauti, kadi kwenda kompyuta. Usichomeke kwenye tundu la pekee la laptopu. Lile limetengenezwa kwa ajili ya hedifoni zenye maiki na litakupa sauti ya upande mmoja, yenye kukwaruza. Ukitumia tundu la hedifoni la redio, weka sauti ya redio karibu nusu, na uondoe mbwembwe zote za besi na za kuongeza mlio. Kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza kelele ya utepe, kizime. Rekodi za vijijini karibu zote hazikutumia Dolby, na ukikiwasha kitakula sauti nyembamba.

6. Weka kiwango cha sauti. Kwenye Audacity chagua stereo, kiwango cha 48,000 Hz na biti 24. Cheza sehemu yenye kelele kuliko zote, kwa kawaida pale ngoma zinapopamba moto au vigelegele vinapoanza, kisha rekebisha hadi vilele vya juu viguse karibu na -6 dB. Visifike sifuri. Sauti ndogo unaweza kuipandisha baadaye. Iliyogonga dari imeshakatika kichwa na haiungi.

7. Nyoosha hedi. Hatua hii hairukwi na mtu anayejali. Kila redio hurekodi kwa pembe yake. Kanda iliyorekodiwa kwenye redio nyingine, kwenye mashine yako inaweza kusikika kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi ina chembe ya rangi juu yake. Weka alama mahali ilipokuwa kwa rangi ya kucha, kisha izungushe polepole sana, robo mzunguko kulia au kushoto, huku kanda ikicheza na ukisikiliza mono. Sikiliza njuga na kayamba, si mwimbaji. Njuga zikifunguka na kung'aa, umefika. Ukimaliza kanda hiyo, rudisha skrubu kwenye alama.

Nakumbuka kanda moja ya kutoka Bahi ambayo mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa nayo. Niliposogeza skrubu ile kidogo tu, maneno ya wimbo yalitokea kama mtu aliyefungua mlango. Yule mzee alinyamaza, akasikiliza, kisha akaanza kuwataja waimbaji mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti zao.

8. Rekodi upande mzima bila kusimama. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, ya 90 ina 45. Anza kurekodi kwenye kompyuta kabla ya kubonyeza kucheza, na usikate hadi utepe ufike mwisho, hata kukiwa kimya. Wimbo mzuri unaweza kuwa umejificha baada ya dakika nne za ukimya, mtu alipowasha redio tena. Kaa hapo, sikiliza, andika dakika kila kitu kinapobadilika. Umeme ukikatika, laptopu itaendelea na deki itasimama. Anzisha upande huo upya badala ya kuunga vipande.

Ukimaliza, hifadhi faili zima kama WAV. Kwa viwango nilivyotaja, saa moja inachukua takriban GB 1. Fleshi ya GB 64 inabeba kanda za dakika 90 zaidi ya thelathini. Weka nakala mbili, kwenye vifaa viwili, katika nyumba mbili.

9. Faili hilo la kwanza usilisafishe. Hapa ninasihi. Audacity ina amri ya kupunguza kelele, na kila anayeanza anaikimbilia. Programu haijui kelele ni ipi. Marimba ya Kigogo, ile tunayoiita ilimba, ina matundu kwenye ubao wake yaliyofunikwa kwa utando wa buibui, makusudi kabisa, ili kila noti itoke na mlio wa kuvuma kama nyuki. Mvumo huo ni nusu ya muziki. Ukiiruhusu programu, inaweza kuuona kama uchafu ikaufuta, nawe utabaki na vyuma vikavu ambavyo hakuna Mgogo angevikubali. Zeze nalo lina mkwaruzo wake wa upinde. Na kwenye rekodi za Kisandawe, ile amri ya kuondoa milio ya ghafla usiiguse kabisa: lugha hiyo ina vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, na vidoko ni maneno.

Ukitaka toleo la kusikilizika zaidi, tengeneza nakala, punguza kelele kidogo kwenye nakala hiyo, halafu mpigie anayekijua chombo. Yeye aamue.

10. Kata nyimbo na uzipe majina. Kutoka kwenye faili kubwa, kata kila wimbo uwe peke yake. Toa FLAC kwa ajili ya hifadhi, maana haipotezi chochote na inachukua nafasi ndogo kuliko WAV. Toa MP3 ya 192 kbps kwa ajili ya watu. Wimbo wa dakika tano utakuwa kama MB 7. Kama ilirekodiwa kwa redio ya mono, nakala ya MP3 ifanye mono.

Jina la faili liwe na kikundi, kijiji, mwaka, na upande wa kanda. Usiandike "Track 01", tafadhali. Nimeshapokea nyimbo nzuri mno zenye jina hilo, zimepita simu mia, na hakuna anayejua sauti ile ni ya nani wala ni ya wapi. Mwaka usioujua, andika "kabla ya" au "karibu na". Wimbo usio na jina, andika maneno yake ya kwanza kama yanavyosikika. Pamoja na faili weka karatasi moja ya maandishi: majina ya waimbaji kama wanakubali yatajwe, ala, ngoma ni ya shughuli gani, nani alirekodi, kanda iko kwa nani sasa. Piga picha kasha la kaseti pande zote mbili, hata kama mwandiko umefifia.

11. Sasa wafikishie watu, kwa mpangilio huu. Wa kwanza ni familia na kijiji. Wazee hawatafungua kiungo cha intaneti. Wana redio ndogo za memori kadi au wajukuu wenye sabufa. Vifaa hivyo vingi vinasoma MP3 tu, kwa hiyo usipeleke FLAC, na majina ya faili yawe mafupi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti.

Baada ya hapo, wageni. Mtu ambaye hajawahi kusikia nindo, uimbaji wa Kigogo wa sauti nyingi, hatafungua kanda ya dakika 45. Mpe kipande cha sekunde arobaini, kianzie pale sauti za pili zinapoingia juu ya ile ya kwanza, na sentensi tatu: hawa ni nani, wanaimba kwa ajili ya nini, asikilize kitu gani. Kipande kimoja kwa wiki kinasikilizwa, lakini ukimwaga thelathini kwa siku moja watu watavipita tu. Wengi waliokuja kuupenda muziki huu kupitia kwangu walianza na kipande kimoja cha kina mama wa muheme, kwa sababu niliwaambia kwanza kwamba ngoma zile zinapigwa na wanawake, zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja. Wakawa na kitu cha kutafuta masikioni.

Kwa hifadhi ya kudumu, Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, inapokea faili bure na inakubali FLAC pamoja na maelezo marefu. Na ukiweza kufika Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo, nenda na spika ndogo na kanda zako. Utakutana na watu watakaokutajia majina uliyoyatafuta kwa miaka.

Kuhusu sheria nitasema machache. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na haki ya mtunzi haiishi anapofariki. Kanda iliyouzwa dukani, hata ya kwaya ndogo, ina wenyewe: watafute, na ukikwama waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sanaa za asili nazo zimetajwa kwenye sheria hiyo, kwa hiyo usidhani ngoma ya kijiji ni mali ya yeyote aliyeiokota. Kamwe usiuze.

Ikigoma

*Sauti inatoka upande mmoja.* Anza na waya, uzungushe kidogo kwenye tundu. Kisha angalia kama kadi yako ni ya mono. Mwisho safisha hedi.

*Kuna mvumo mzito usiokatika.* Huo mara nyingi ni wa umeme. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Ukipotea, umeshampata mwizi.

*Waimbaji wanasikika kama watoto, na wimbo unakimbia.* Mawe ya redio yalikuwa yanaisha siku ya kurekodi, redio ikazunguka polepole. Ukicheza kwa mwendo sahihi, kila kitu kinapanda. Tumia amri ya Audacity ya kubadili kasi pamoja na kii, yaani kimo cha sauti. Ni kiasi gani? Mtafute aliyekuwepo, au mpiga zeze wa eneo hilo, apunguze hadi aseme "hapo". Mara nyingi kasi inaendelea kubadilika kadiri kanda inavyokwenda, basi rekebisha kwa vipande. Faili la kwanza libaki lilivyo.

*Kanda inalia kama mlango.* Izungushe mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo mara mbili. Ikiendelea, hamishia kwenye lile ganda la skrubu.

*Nasikia wimbo kabla haujaanza, kwa mbali.* Utepe uliokaa miaka mingi umeambukizana sauti, mzunguko mmoja kwa mwingine. Kanda za dakika 120 huumwa sana na hili kwa sababu utepe wake ni mwembamba. Kuizungusha yote mara kadhaa kabla ya kurekodi husaidia kidogo.

*Nasikia nyimbo kinyumenyume.* Kama ni hafifu nyuma ya wimbo sahihi, hedi imekaa juu au chini ya mahali pake, mpelekee fundi. Kama ni kinyume kabisa na sauti imefifia, utepe umejigeuza ndani ya ganda; fungua uunyooshe.

*Utepe umekatika.* Unga kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa mgongo usiogusa hedi. Selotepu ya dukani hutoa gundi baada ya muda na kugandisha mizunguko ya jirani. Ukiikosa ile maalumu, iache kanda ikiwa imekatika hadi uipate.

*Ukungu.* Usiicheze, utaupeleka kwenye mashine na kwenye kila kanda inayofuata, na si mzuri kwa mapafu. Iweke peke yake kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu penye kivuli, hadi umpate mwenye uzoefu. Kuianika juani ni kuipinda.

*Mwenye kanda amebadili mawazo baada ya kusambaza.* Ondoa siku hiyohiyo ulipoweka wewe, na waambie uliowatumia. Mpelekee nakala zake zote kwenye fleshi, na kanda yenyewe uirudishe ikiwa imezungushwa hadi mwisho wa upande, ndani ya kasha lake, umwonyeshe pa kuisimamisha: wima, mbali na dirisha, mbali na sumaku ya sabufa.